Grafu ya Kumi

Ofisini walimwita Bwana Mikunjo, kwa kuwa kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akichora kwa kompyuta grafu za vitabu vya hisabati. Programu aliyoitumia ilikuwa na tabia zake: kila grafu iliifungia ndani ya boksi na kuipaka rangi iliyoipenda yenyewe. Yeye akaitia adabu. Akaondoa boksi, akaivika mihimili mishale, akapunguza unene wa mstari mpaka Mhariri Mkuu akaacha kuguna. Marekebisho hayo yakafika mistari mia nne ya maagizo, na maelezo pekee aliyomwachia atakayekuja baada yake yalikuwa "usiguse hapa", mara kumi na tisa. Alijijengea chumba, mlango akausahau.

Sasa alitaka kutoka. Mkewe alifundisha hisabati mji mwingine, shule yake ilikuwa na nafasi ya mwalimu, na kilichobaki ni saini ya Mhariri Mkuu kwenye barua ya kumwachia.

"Nikuachie, halafu nani anichoree?" Mhariri Mkuu aliuliza. "Mfundishe dada wa kupanga kurasa. Akinipa grafu kumi nisizozikataa, nasaini."

Dada huyo, mama wa makamo asiye na papara, alifundishwa miezi minne. Grafu tisa zikapita. Ijumaa asubuhi akaleta ya kumi, ya tanjenti.

"Hii ndiyo kiboko," alisema Mhariri Mkuu, akivuta barua na kufungua kalamu. Yeye alisomea lugha. Hisabati aliipenda kwa mbali. "Ona ilivyosimama."

Bwana Mikunjo akaona. Kwenye nyuzi tisini tanjenti haina thamani: mkunjo unapaa bila kikomo, kisha unaanza upya kutoka chini. Lakini kompyuta hukokotoa nukta na kuziunganisha, na isipoambiwa ikate, huunganisha hata pasipo na kitu. Katikati ya grafu ulisimama mstari wa wima, mnyoofu, wenye kujiamini. Miaka yote yeye aliukata kwa mazoea, na hakumfundisha dada yule kwa sababu hakukumbuka kuwa ni jambo la kufundishwa.

Akaitazama barua. Kalamu ikagusa karatasi.

"Mzee, huo mstari haupo."

"Mbona nauona?"

"Unaonekana, lakini haupo."

Mhariri Mkuu akamgeukia dada. "Wewe unauona?"

"Nauona, bosi. Nilidhani kaka ndiye anautaka."

Kalamu ikafungwa. "Basi tuanze tena. Kumi, kuanzia moja."

Mchana mkewe akapiga simu. "Amesaini?"

"Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza."

"Ukafanya nini?"

"Tanjenti ilikuwa imeunganishwa kwenye tisini."

Kitabu kile kingesomwa na darasa la mkewe.

"Si ungenyamaza tu, baba," mkewe akasema. "Mimi ningewaambia watoto waufute." Kwenye simu ikasikika milango ya kabati ikifunguliwa. "Ngoja nirudishe magauni yangu. Nilikuwa nimekuachia nusu ya kabati."