Blandine Aliyesamehe Mno

Mwaka wa 1994, kampuni ya migodi ilipoacha kuwagawia wafanyakazi unga, kambi yao ya Shituru ilikosa karibu kila kitu: sabuni, chumvi, hata betri za redio. Kitu ambacho hakikukosekana ni msamaha, kwa sababu Mama Blandine alikuwa nao wa kuwatosha watu wote, na akiba ikabaki.

Mumewe, Bertin, alikuwa fundi wa magari-moshi. Mshahara haukuja tena, lakini kila asubuhi alikwenda kukaa na wenzake kando ya injini isiyo na vipuri, wakajadili siasa mpaka king'ora kilipolia. Blandine mwenyewe aliongoza sala za akina mama katika jumuiya ndogo ya parokia. Tangu utoto masista walimfundisha kwamba Mkristo hakasiriki, na yeye alilishika fundisho hilo kwa nguvu zote. Binti yake Jenny akivunja sahani, Blandine alimtabasamia mpaka magego yakaonekana. Jenny alikuwa akilia kwa hofu ya lile tabasamu. Angependelea kofi.

Halafu ikaja habari ya sufuria.

Jirani yake Colette alifiwa na kaka, akaazima sufuria kubwa ya Blandine, ile ya arusi, kwa kupikia watu wa matanga. Matanga yakaisha, Colette akairudisha, akaiweka nyuma ya mlango, akasema "Aksanti, mama," akaondoka haraka haraka. Blandine akaitia maji ya bukari, ugali wa kwao, na kuiweka motoni. Punde moto ukazimika wenyewe. Akaiinua. Chini palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, na tundu lenyewe lilikuwa limezibwa kwa donge la bukari.

Bertin aliporudi akamkuta mkewe anatabasamu peke yake jikoni, akajua kuna jambo.

"Colette ametoboa sufuria yangu," Blandine akasema. "Lakini nimemusamehe."

"Alikuomba?"

"Hapana. Nimemusamehe tu."

Na asubuhi, kabla ya chai, akavuka ua kwenda kumwambia. Colette alikuwa ndiyo kwanza anafungua mlango.

"Mama Colette, nimekusamehe."

"Juu ya nini?"

"Usiseme kitu, mama. Unajua. Imekwisha."

Lakini haikwisha. Bombani, Blandine alimpisha Colette mbele ya foleni nzima: "Pita, mama, minye siko na kinyongo ya sufuria." Wanawake wote wakauliza sufuria gani, wakaelezwa. Kwenye sala ya jumuiya aliombea "ndugu yetu mumoja, jina sitataja, anakaa nyumba ya mulango wa kijani," na kambini mlango wa kijani ulikuwa mmoja. Jumapili, padri aliposema tupeane amani, Blandine alivuka safu za mabenchi akaushika mkono wa Colette, akautikisa mpaka kwaya ikamaliza wimbo na kuanza kuurudia.

Colette akakonda. Mwishowe akaihama parokia, akaenda kusali na kundi la maombi lililokutana katika karakana ya zamani ya baiskeli. Huko, alifikiri, hakuna anayemsamehe isipokuwa Mungu.

Jumapili iliyofuata Blandine alivaa kitenge chake cha Kristo Mfalme, akaenda karakanani kumwambia kwamba amemsamehe pia kwa kuhama kanisa. Mchungaji Alexis, kijana mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alimwona mama Mkatoliki anaingia katikati ya ibada, akadhani ni mavuno.

"Aleluya! Njoo mbele, mama! Toa ushuhuda!"

Blandine hakuwahi kukataa kuongea mbele za watu. "Niko na dada hapa ndani," akaanza, "alinitendea mubaya, na minye nimemusamehe kwa moyo wote."

"Aleluya!" wakaitikia.

Colette akasimama kule nyuma. "Na minye pia nimekusamehe!"

"Aleluya!"

Blandine akageuka. "Weye? Unanisamehe juu ya nini?"

"Juu ya kunisamehe!"

Aleluya ya mara hii ilichelewa kidogo, halafu mtu mmoja akaanza kucheka, na karakana nzima ikalipuka. Mchungaji Alexis akatafuta wimbo wa kuwatuliza, asiupate. Blandine alitoka nje huku masikio yanamwaka moto. Katika maisha yake yote hakuna aliyekuwa amemsamehe mbele za watu, na sasa alijua ladha yake.

Jioni hiyohiyo akaenda kushtaki kwa Abbé Dominique. Padri alikuwa ndiyo kwanza ameketi mbele ya viazi vyake vitamu, chakula chake cha kwanza siku hiyo. Akasikiliza habari ya sufuria tangu arusi, huku viazi vinapoa.

"Basi umekasirika," akasema.

"Hapana, mon Père! Mukristu hakasirikaka."

"Na Yesu kule hekaluni, alipopindua zile meza, alikuwa anatafuta kitu kilichoanguka chini yake?"

Blandine akaanza kukunja ncha ya kitenge chake.

"Nenda nyumbani, mama. Kasirika kwanza. Mengine tutayaona." Alisema hivyo kwa sababu ya viazi, na mara mlango ulipofungwa akaingiwa na wasiwasi juu ya alichokianzisha.

Kesho yake asubuhi Blandine akasimama mbele ya Colette aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kukasirika hakukujua, hakuwa amejizoeza. Sauti ilianza ndogo kama ya mtoto mgonjwa.

"Mama Colette, niko... minye niko..." Kisha kitu kikafunguka. "Ulitoboa sufuria yangu! Ukaziba na bukari! Ulifikiri niko mujinga? Ile sufuria mama yangu aliibeba kwa kichwa toka Kakanda!"

Mchi ukamtoka Colette mkononi. Majirani wakachungulia madirishani.

"Kaka yangu alikufa!" Colette akapiga kelele naye. "Nilisahau sufuria kwa moto, nilikuwa nalia! Nilisikia haya. Nilisema kesho nitaenda kumwambia, kesho nitaomba pardon. Asubuhi nafungua mulango, weye huyu, umekwisha kunisamehe! Hukuniachia nafasi ya kuomba!"

Blandine akaketi chini, palepale kwenye vumbi. Kwa wiki hizo zote hakuwa amemwuliza Colette habari ya kaka yake hata mara moja. Alikuwa na kazi nyingi ya kumsamehe.

"Basi," akasema polepole, "omba sasa."

"Nisamehe, yaya," Colette akasema, akimwita dada mkubwa.

Blandine akataka kujibu, na lile neno alilolitumia bombani, kanisani na karakanani likakataa kutoka.

"Ngoja kidogo," akasema. "Bado niko na kasirani."

Colette alimtazama, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio cha kumlilia kaka yake. Blandine akauokota mchi, akaupangusa, akatwanga badala yake, kwa hasira, mpaka sombe ikalainika kuliko ilivyohitajika.

Siku nyingi zilipita kabla Blandine hajamwambia Colette kwamba amemsamehe. Alimwambia kwa sauti ndogo, wakiwa wawili tu. Nyumbani alijifunza kukaripia, na Jenny akashusha pumzi. Bertin ndiye aliyeona mabadiliko hayo yangeweza kwenda taratibu zaidi. Colette hakurudi parokiani. Alikuwa amezipenda nyimbo za karakanani. Mvua zilipoanza, wanawake hao wawili walilima mahindi pamoja kando ya reli, na waliokuwa wakipita njiani waliwasikia wakigombana waziwazi, toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kuhusu nani kapanda ovyo.