Mguu Wangu na Ndoo za Mwenyekiti

Watu wakiniuliza ni kitu gani kiliniponya mguu, wengi wanategemea nitaje mzizi fulani au maombi. Nawaambia ukweli: ni chuki. Mizizi nilikunywa, maombi nilifanyiwa, na mguu ukabaki palepale. Kilichonilaza juu ya mkeka kila asubuhi, nikivuta goti kifuani huku machozi yananitoka, ni hamu ya kumlipa mwenyekiti wa kijiji chetu.

Maumivu yalianza siku ya kuhamia. Sisi tulikuwa watu wa milimani, juu ya Kilosa, nyumba moja hapa na nyingine kule ng'ambo ya bonde. Ilipokuja amri ya kuishi katika vijiji, tulishushwa na lori la serikali hadi uwanda ulio karibu na barabara ya Mikumi, tukaonyeshwa vigingi vya viwanja, tukaambiwa jengeni. Nilikuwa mama wa watoto wawili, nguvu ninazo na mdomo ninao. Nikamwona utingo anataka kukitupa chini kinu changu, kinu alichonichongea baba yangu, nikakidaka mwenyewe kutoka juu ya lori. Kiuno kikaalika kama kijiti kinachovunjika. Nilidhani ni uchovu tu, lakini kesho yake nilishindwa hata kuinama kuvaa kandambili.

Aliyewahi kuyapata maumivu haya hahitaji maelezo. Asiyeyajua nitamwambia hivi: yanaanzia ndani kabisa ya tako, yanashuka nyuma ya paja, yanapita kwenye shavu la mguu na kuishia kidole kidogo, na njia nzima inawaka kama umepakwa pilipili kwa ndani. Ukikohoa unaruka. Ukikaa chini unatafuta mtu wa kukuinua. Nilikuwa napiga hatua moja, nasimama, nauvuta mguu wa kulia, nasimama tena.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge. Baba yake alikuja kukata mkonge na hakurudi kwao. Mimi ni Msagara. Watu wake na watu wangu ni watani tangu zama za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hata mume hana. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo, kukunyang'anya kuku, kukulilia msiba nawe ungali hai, na wewe kazi yako ni kucheka. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Siku moja kulikuwa na mkutano mbele ya ghala la pamba. Alikuwa anahutubia habari za unyonyaji, jambo alilolipenda kuliko chakula. Alisema anayekula jasho la mwenzake ni kupe, awe mzungu, mwenye duka au jirani yako. Nikatokea nimechelewa, nauvuta mguu wangu. Akanyamaza, akanitazama, akatabasamu.

"Ndugu wananchi, mpisheni! Mpima barabara huyo kaja!"

Wapimaji wa barabara kuu walikuwa wameondoka si zamani, na sote tulikuwa bado tunakumbuka walivyokuwa wakipiga hatua na kusimama, hatua na kusimama na kuchungulia darubini. Basi akashuka pale alipokuwa amesimama, akatembea kama mimi. Aliuvuta mguu, akakunja uso, akashika kiuno, akachungulia kwenye darubini ya vidole vyake. Watu walivunjika mbavu. Mume wangu alicheka mpaka akajipiga mapaja.

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo nisilomsamehe mpaka leo. Kunikejeli ni haki yake ya utani, lakini alinifanya niucheke mguu wangu mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, huku unaniuma.

Tangu siku hiyo nikawa Mpima Barabara. Watoto wakaimba, wanawake mtoni wakaimba. Mume wangu nilimalizana naye nyumbani: alikula mlenda usio na chumvi mpaka akaacha kuuliza chumvi iko wapi. Mwenyekiti nilimwekea yake. Utani hulipwa kwa utani, na mimi kuiga watu nimejaliwa. Alikuwa na mwendo wake: kitambi mbele, mikono nyuma, vidole vya miguu vinatazama pembeni, na kila baada ya hatua chache anaipandisha suruali kwa viwiko. Nilipanga kumwiga siku ya Saba Saba, wageni kutoka wilayani wakiwa wamekaa. Ila kiwete akimwiga mzima, watu wanamcheka kiwete. Ilibidi kwanza nipone.

Nikapanda basi hadi hospitali, Kilosa. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama mfupi, mkali, mwenye mikono mizito. Alininyanyua mguu nikiwa nimelala chali, nikapiga ukelele.

"Unalala sana nyumbani?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Ukiuma nalala."

"Ndiyo maana huponi. Kuna mshipa wa fahamu umebanwa hapo kiunoni. Mshipa huo unataka mwendo, hautaki kitanda."

Akanitandikia mkeka sakafuni akanifundisha. La kwanza, kulala chali na kuvuta goti moja kifuani, polepole, kisha jingine. La pili, kupandisha kifundo cha mguu mbovu juu ya goti la mguu mzima na kuuvuta ule mzima kuja kifuani, mpaka tako livutike kwa ndani. La tatu, kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa viwiko, tumbo likibaki chini. Na kutembea kila siku, hata kama ni kidogo.

"Maumivu yakitoka kidoleni yakapanda juu, usiogope, hayo yanaondoka. Zoezi likiyashusha chini, liache. Na maji usibebe kichwani mpaka yaishe kabisa. Wala usiiname kuinua kitu kizito. Umesikia?"

Nilisikia. Maji nikachotewa na mama mkwe wangu, ambaye kila ndoo aliisindikiza kwa maneno. Mimi nikaingia kwenye mkeka. Mume wangu alinikuta nimekunja mguu juu ya mguu, nimeuma kanga, akauliza kama nimepandwa na shetani. Nikamwambia ndiyo, na jina lake ni mwenyekiti. Kila nilipovuta goti nilimwona yeye na darubini yake ya vidole, nikavuta zaidi. Zoezi la kifudifudi lilikuwa baya kuliko yote mwanzoni, na ndilo lililonifaa kuliko yote. Maumivu yalitoka kidoleni. Yakajishikiza kwenye shavu la mguu kwa muda, kisha siku moja nikagundua hayapo, yako nyuma ya paja. Nilikuwa nayafukuza kama mwizi aliyeingia nyumbani, chumba kwa chumba.

Kutembea kulinipa taabu nyingine: sikutaka kuonekana. Nikawa natoka alfajiri, watu hawajaamka, nafuata njia ya kushuka mtoni. Haikuwa busara. Nyati walipita njia ile ile, na mara nyingi nilikuta kinyesi cha tembo bado kinafuka. Lakini tembo hawakuwa wamenipa jina.

Alfajiri moja nikasikia mtu anapanda kutoka mtoni. Nikajibanza pembeni. Alikuwa mwanamke mwenye ndoo kichwani, anapiga hatua moja, anasimama, anashika mti, anauvuta mguu. Niliujua mwendo ule kuliko ninavyoujua uso wangu. Alipokaribia nikamtambua: mke wa mwenyekiti.

"Shikamoo, mama."

Alishtuka, maji yakamwagika hadi begani. "Marahaba. Nani? Wewe! Unafanya nini huku saa hizi?"

"Natembeza mguu. Na wewe, mama, mguu umekuanza lini?"

Akataka kukana. Kisha nikampokea ndoo, kwa mikono miwili kama mtu anavyompokea mtoto, nikaitua juu ya jiwe, na pale akaanza kulia. Ulikuwa umemwanza tangu kupanda pamba. Kwa mumewe alisingizia tumbo, naye mume anamwona mvivu tu. Anachota maji alfajiri ili asionekane njiani, mchana anajifungia ndani.

"Usimwambie mtu, mdogo wangu. Na yeye hasa usimwambie."

"Kwa nini, mama? Ni mumeo."

"Nilikuwepo siku ile mbele ya ghala," akasema. "Nilimwona alivyokufanya. Na mimi nilicheka. Ningefanyaje?"

Nilisimama pale njiani nikahisi hasira mpya, kubwa kuliko ile yangu. Mimi alinidhalilisha siku moja. Huyu alilala naye kitanda kimoja, na bado alimwogopa mdomo kuliko alivyoogopa nyati. Nikaona ile mbinu yangu ya kumwiga mwendo siku ya Saba Saba ni ndogo mno.

Nilianza kumfundisha mkewe mchana, mumewe akiwa ofisini au shambani kuwasimamia wengine. Tulifunga mlango, tukatandika mkeka, nikawa muuguzi wa Kilosa. "Vuta. Polepole. Yamepanda au yameshuka?" Alikuwa na mwili mkavu kuliko wangu na uvumilivu zaidi. Yakapanda. Lakini kila alfajiri aliinama mtoni, akajitwika ndoo, na yote tuliyoyapandisha yakashuka tena hadi kidoleni. Watoto wao hawakuwepo nyumbani, mmoja kaolewa Dumila, mwingine yuko Ruaha kwenye miwa. Hakuna wa kumsaidia ila mtu mmoja.

"Lazima ajue, mama," nikamwambia. "Ila niachie mimi namna ya kumwambia." Akakubali, shingo upande.

Nilichagua siku ya mgao wa sukari. Kijiji kizima kilikuwa kimepanga foleni mbele ya duka, naye yuko mlangoni anasimamia. Nikaja natembea wima, taratibu, mikono nyuma. Foleni ikaanza kunong'ona.

"Aa, mtani!" akapaza sauti. "Umemaliza kupima barabara?"

"Nimemaliza, mtani. Sasa nimekuja kukukabidhi kazi. Mkeo anaumwa mguu, ule ule wangu. Ameumwa muda wote huu nyumbani kwako na wewe hujui, maana ulikuwa unaangalia miguu ya wake za watu."

Watu wakaangua kicheko. Naye akafungua mdomo acheke, kwa sababu mtani hana ruhusa ya kukasirika, lakini kicheko kilitoka kimekatika.

"Hospitali ya Kilosa wamekataza mgonjwa wa mguu huu kubeba maji," nikaendelea. "Mtani, cheka. Ukimaliza kucheka, ndoo ziko mlangoni kwako."

Mama mmoja mwenye huruma akasema kutoka kwenye foleni, "Jamani, mimi nitamchotea."

Nikamgeukia. "Kila siku, dada? Jasho lako, yeye anywe? Mwenyekiti ametufundisha hilo linaitwaje?"

Mzee mmoja akasema, kwa upole kabisa, "Unyonyaji." Na foleni nzima ikaitikia kwa kuinamisha vichwa, kwa heshima kubwa, kama tuko mkutanoni. Mwenyekiti aliipandisha suruali yake kwa viwiko.

Kesho yake alishuka mtoni. Njia ile ina mteremko na mawe, baiskeli haifiki. Alikataa kujitwika kichwani, akabeba ndoo mbili mikononi, zikamgonga magotini na kumlowesha ile suti yake ya Kaunda hadi kwenye soksi. Alipofika nyumbani ndoo zilikuwa nusu, akarudi tena. Wanawake walimpisha njiani na kumwamkia vizuri, shikamoo mwenyekiti, naye kila mara alilazimika kusimama, kutua ndoo, na kuitikia marahaba. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu nanyoosha mguu, namtazama. Sijawahi kula kitu kitamu kama asubuhi ile. Saba Saba ilikuja ikapita, wala sikuhangaika kumwiga. Alikuwa anajiiga mwenyewe mara mbili kwa siku.

Mkewe alipona. Bila ndoo, yale maumivu hayakuwa na kitu cha kuyashusha. Yalipanda hadi tako, yakakaa hapo kwa uchovu, yakaisha. Nilikuwa nikienda kwake tunafanya mazoezi pamoja, mlango wazi sasa, na kama mumewe alikuwepo ilibidi atoke nje mpaka tumalize. Alianza kutembea njia nzima ya kijiji mchana kweupe. Hata kuni alikwenda kuzifuata, ingawa alizipitisha nyuma ya nyumba.

Mvua za vuli zilipoanza na njia ya mtoni ikawa utelezi, mwenyekiti alikuja kwangu. Hakuja na mzaha. Alikuja na mkewe nyuma yake, akabaki amesimama uani, kofia mkononi, matope hadi kwenye magoti.

"Mtani," akasema, "nakuuliza kwa heshima. Wewe ndiye unayejua mambo ya mguu huu. Mke wangu ataanza lini kubeba maji?"

Nilitaka kumwonea huruma, na nadhani ningeweza. Nilimtazama mkewe nyuma ya bega lake. Alikuwa amesimama wima, miguu yote miwili imekanyaga sawasawa, uso hauna maumivu hata chembe. Alinitazama machoni, akatikisa kichwa polepole: hapana.

"Bado, mtani," nikasema. "Bado kabisa."