Alama Juu ya Nyusi

Mke mwenzangu ana kishimo juu ya nyusi ya kushoto, kidogo kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Ni masalio ya tetekuwanga iliyompata utotoni. Tangu mume wetu amlete Garissa na kumpangia nyumba Waberi, kishimo kile kilikuwa kitulizo changu. Yeye ni mdogo kwangu, kiuno chake bado chembamba, na anapika vizuri kuliko mimi, jambo ambalo nalisema kwa sababu majirani nao wanalijua. Lakini uso wangu ni laini. Kila tulipokutana kwenye harusi za ukoo, jicho langu lilikwenda moja kwa moja pale kwenye kishimo, likapumzika.

Kisha binti yangu wa miaka mitano akarudi kutoka madrasa akijikuna tumbo. Nilipomfunua nguo niliona malengelenge madogo yenye maji, na jirani aliyechungulia akasema, bila hata kukaribia, kwamba hiyo ni busbus, jina letu la tetekuwanga. Nikampeleka zahanati. Muuguzi alimtazama mtoto, kisha akalitazama tumbo langu lililokuwa limeshakuwa kubwa, akaniuliza kama nimewahi kuugua ugonjwa huo. Nikampigia simu mama yangu huko Lafey. Mama akahesabu: surua niliugua, malaria niliugua, teke la ngamia nilipigwa, ila hiyo hapana.

"Basi mama, huyu mtoto usimwogeshe, usilale naye, usiingie chumba chake mpaka vipele vyote vikauke," muuguzi alisema. "Tafuta mtu aliyewahi kuugua amtunze." Akaniambia pia nikiona homa au kipele chochote mwilini mwangu nirudi haraka.

Nilikaa kwenye benchi la nje, mtoto kando yangu, nikampigia mume wangu aliyekuwa Rhamu akinunua vitunguu. Niliweka spika kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umemshika mtoto asijikune. Hakufikiri hata kidogo.

"Mwite mwenzako," alisema. "Yeye ana alama. Mwenye alama anaingia."

Nilimtajia watu wengine wote niliowajua mjini, kila mmoja na kizuizi chake. Huyu ana mtoto mchanga, yule hajui kama aliugua, mwingine yuko kazini tangu asubuhi. Hivyo ndivyo kitulizo changu kilivyogeuka kibali chake.

Alikuja alasiri ile ile na mkoba, chupa ya mafuta ya ufuta na jagi la maziwa ya ngamia. Aliniambia, "Abaayo, dada yangu, usiwe na wasiwasi," akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango wangu. Mimi nikahamishia godoro langu jikoni, upande wa pili wa ua.

Lazima niseme kwamba mwenzangu hana mtoto. Kwetu si ajabu mke aliyejaliwa akampa mwenziwe asiyejaliwa mtoto mmoja amlee, na mtoto akakaa huko mpaka akausahau mlango aliozaliwa. Mume wangu alipopata habari za mimba hii alisema, nusu mzaha, kwamba sasa huyu binti mkubwa anaweza kwenda Waberi kumchangamsha eeddo yake. Eeddo ndivyo watoto wetu wanavyomwita mke mwingine wa baba. Siku ile nilicheka. Jikoni sikucheka. Kila nilipousikia mlango ule ukifungwa, nilimwona binti yangu akibeba nguo zake kwenda Waberi, tena akienda kwa hiari yake.

Nilichuma majani ya mwarobaini langoni nikayachemsha. Mimi nachemsha, yeye anaogesha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini hawasemi mzazi huyo afanye nini akifungiwa jikoni. Nilikuwa naweka sufuria kizingitini ikitokota, ili apate kazi ya kuyapoza mwenyewe. Hakulalamika hata mara moja, na hilo nalo liliniudhi.

Kupitia dirisha nilimsikia akimzuia mtoto asijikune. Hakumfokea. Alimwambia vile vipele ni ngamia waliolala, na ukimkuna mmoja ataamka awaamshe wenzake, waondoke wote kwenda kunywa mtoni. Binti yangu akaanza kuwapa majina. Ngamia! Mwanamke yule kazaliwa mjini, ngamia anamjua kwa jagi. Mimi niliyekulia nyuma ya ngamia nilikuwa nimekaa namenya viazi.

Nilimpigia mtoto simu ya video kutoka ng'ambo ya ua. Uso wake ulikuwa umepakwa dawa ya rangi ya waridi mpaka kwenye kope. Aliniambia amekula, amelala, amekula tena. Kisha akasema, "Hooyo, ngoja, eeddo hajamaliza hadithi," akaiweka simu kitandani. Nikabaki nimeitazama dari ya nyumba yangu mwenyewe, nikisikiliza vicheko.

Vipele vilipoanza kukauka, siku moja nilisikia kilio. Hakikuwa cha mtoto. Nilisogea hadi karibu na mlango nikauliza kuna nini. Mwenzangu alijibu kwa sauti iliyokatika kwamba alikuwa anaswali, na mtoto akapata nafasi akakikuna kimoja mpaka kikatoka damu.

"Kipi?" niliuliza.

"Cha juu ya nyusi, abaayo. Nisamehe."

Nilirudi jikoni. Nilijua anaogopa lawama, na nilikuwa nimemwekea za kutosha.

Muuguzi aliporidhika kwamba kila kipele kimekauka, mlango ulifunguliwa na binti yangu akanikimbilia. Nilimnusa shingo, nikambusu, kisha nikakiona. Kishimo kidogo, juu ya nyusi ya kushoto, pale pale. Nyuma yake amesimama mwenzangu na mkoba wake mkononi, na mtu asiyetujua angesema hao ndio mama na bintiye. Nilimshukuru kwa maneno yote yanayotakiwa, na nikafurahi gari lilipomchukua.

Kesho yake nilimketisha mtoto mbele yangu nimsuke. Nilisuka mistari miwili kabla ya kushindwa kunyamaza. Nilimuuliza kwa nini ngamia wote aliwaacha walale, akamwamsha huyu mmoja.

"Nilitaka alama."

"Kama ya eeddo," nilisema, na nikaisikia sauti yangu ikiwa kali.

"Ndiyo. Aabo alisema kwenye simu mwenye alama anaingia. Ukiugua wewe, wasinifungie nje."

Kitana kilibaki kwenye nywele zake. Nilimuuliza kama eeddo yake analijua hilo.

"Nilimwambia siku ile ile," alisema. "Ndipo akalia."

Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi mno, nikamvuta mtoto karibu na kumsuka taratibu ili asiondoke haraka. Kisha nikakikumbuka kilio kile cha nyuma ya mlango. Nilikuwa nakijua, kilio cha kuona mtoto anamchagua mwingine. Nilikuwa nimekilia mimi mwenyewe jikoni.