Kaka Yangu Mheshimiwa Alisafisha Meno Dubai, Sasa Anataka Nimtolee Ushahidi

Admin, nifiche jina tafadhali, maana kwetu nikikohoa tu najulikana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, Mkenya wa Pwani, nafanya kazi za nyumbani huku Mirdif, Dubai. Binti yangu ana miaka tisa, analelewa na kaka yangu, ambaye ndiye mwakilishi wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti.

Alipogombea, mimi ndiye niliyemwombea kura kwa kina mama. Napiga pasi huku nawarekodia sauti kwenye grupu letu la WhatsApp, nawaapia kwamba kaka akipita zahanati yetu itafunguliwa. Waliniamini kwa sababu wamenilea. Akapita. Zahanati ikapakwa rangi, ikabandikwa picha yake, na kufuli liko mlangoni mpaka leo. Binamu yangu alijifungulia njiani akikimbizwa hospitali ya mjini, na mtoto hakupona.

Mwezi uliopita kaka na waheshimiwa wenzake wakaja Dubai, eti ziara ya mafunzo. Nikaomba ruhusa kwa madam nikamwone. Mafunzo sikuyaona. Nilimkuta hotelini Marina analalamika meno, nikampeleka kliniki moja mtaa wa Oud Metha, wakamsafisha meno. Tulipotoka akavaa koti la suti, akasimama mlangoni.

"Dadangu, nipige picha. Hakikisha kibao cha kliniki kimetokea."

Nikampiga, nikidhani ni ya kumbukumbu. Jioni naiona kwenye grupu: mheshimiwa yuko Dubai anajifunza kuendesha zahanati ya kisasa. Kina mama wakashangilia. Kisha yule binamu yangu akaandika, "Dada, wewe uko huko huko. Ni kweli? Tumchague tena?"

Nilipandwa na hasira mpaka nikaunguza kanzu ya sir. Nikampigia kaka.

"Warekodie tu useme ulinishuhudia kliniki," akasema. "Kwani hukuniona?"

"Nilikuona umeachama kwenye kiti cha daktari wa meno."

Akacheka. Halafu akasema taratibu, "Uchaguzi uko mlangoni. Na usisahau mwanao anakaa kwa nani. Rekodi, khalas, yaishe."

Mama nilipomlilia akanijibu, "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Jamani, nimechoka kubusu. Mtoto siwezi kumleta huku, ninaishi chumba cha uani kwa watu. Baba yake alishaingia mitini zamani, na mama mwenyewe anategemea huyo huyo kaka. Nikisema ukweli, binti yangu atatolewa nje na shule ataacha. Nikisema uongo, nitawaangaliaje wale kina mama, na hasa binamu yangu?

Nimenyamaza, nikadhani ukimya utanisaidia. Leo mchana binti yangu akanipigia kwa simu ya mjomba wake, na nikasikia kabisa kwamba amesimamiwa. "Mama, mjomba anauliza utawarekodia lini kina mama?"

Nimemwambia asubiri, nitampigia. Ninyi mnaosoma, wenye watoto na msio nao, nikimpigia nimwambie nini?