Kengele za Ng'ombe wa Alpi

Wiki iliyopita nilipata kazi ya majaribio, ya kwanza tangu nimalize chuo: kuwaandikia wateja wa wakala mmoja wa safari kuhusu mabonde ya milima ya Alpi. Mimi, mkazi wa Mtanda, hapa Lindi, ambaye hata magofu ya Songo Mnara, ya mkoani kwetu, sijayafikia. Picha zilipofunguka kwenye simu, nilishtuka. Bonde lile nalijua. Nyumba za mbao, mlima wenye theluji, ng'ombe mwenye kengele shingoni. Lilikuwa jalada la daftari langu la darasa la tano.

Unakumbuka, rafiki yangu, tulivyokuwa tukivisha madaftari kalenda? Mwenye duka la vitambaa mjini Lindi aliwagawia wateja wake kalenda zenye picha za milima, na bibi aliitundika ya kwake sebuleni, kule upande wa Mtama. Mwaka ukiisha aliikatakata, akabandika kwa gundi ya unga wa muhogo, kila mjukuu na mlima wake. Daftari lilinuka uchachu kwa wiki nzima. Nililionea fahari sana, na leo fahari hiyo inanitia hasira.

Kwa sababu bonde la bibi lilianza pale pale nyuma ya jiko. Tulishuka na umande kuchimba ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, tukavichemsha kwa chumvi na kuvimenya kwa meno. Bibi alikitaja kila kilima kwa jina lake la Kimwera, na kisa chake. Nilimsikia kama unavyosikia mvua ukiwa ndani.

Mwalimu akatuagiza insha: mahali pazuri. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, tuliyesoma naye darasa moja, aliandika bonde la bibi. Mwalimu akaisoma kwa sauti.

"Ming'oko ndiyo mandhari, we mtoto? Kaa chini, umenitia njaa!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha ikasomwa yangu, ya theluji na kengele. Tisa kwa kumi.

Nyumbani nilimsomea bibi, akaniuliza, "Huko ulifika lini?"

"Sijafika, bibi."

"Sasa kengele ulizisikiaje?"

Nilimwona mshamba. Mungu anisamehe.

Makala ya Alpi niliimaliza kabla chai haijapoa, na kengele nikaziweka tena. Nilijichukia. Bibi ameshafariki, na kilima cha nyuma ya jiko kinachimbwa kokoto. Malori yanapita juu ya ming'oko. Nikaamua niliandike na bonde lile kabla halijaisha. Mstari wa pili nikakwama: kile kilima kiliitwaje? Mama hajui. Nikampigia dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Bibi alikiitaje kile kilima cha nyuma ya jiko?"

 

"Kamuulize mwalimu wako."

Akakata. Nimepiga tena mara nne, hapokei. Jina analo, nina hakika. Yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza, na mimi ndiye niliyemcheka.