Mgeni Aliyekwama Getini

Hili sikuhadithiwa. Lilinipata mwenyewe kule Madale, jua likiwa utosini, na mpaka leo linaniudhi kuliko linavyonitisha.

Nilikuwa nalinda pagale la bosi mmoja, nyumba isiyokwisha kujengwa. Mshahara hakuna, ila nalala bure, na kwa mtu kama mie, niliyeacha shule darasa la sita nikabaki kuzurura, hapo ndipo palikuwa kwangu. Jirani yangu alikuwa katekista mzee, nami nilimchosha kwa maswali. Asubuhi ile akaniambia Wakristo wa kale waliandika habari za msaliti mmoja aliyevimba mpaka akashindwa kupita panapopita mkokoteni. Kope zilifunika macho, usaha ukamtoka, na alipofia pakanuka miaka.

"Sasa chooni alikuwa anaingiaje?" nikauliza.

"Cheka tu, mjukuu wangu. Walitaka watu waione dhambi kwa macho."

"Na akitubu, anapungua?"

Mzee akakuna kidevu. "Hilo sijalisikia."

Mchana nasonga ugali, nikasikia, "Hodi!" Nikaitikia, "Karibu!" bila kugeuka. Nani asiyeitikia hivyo?

Niamini, pale getini linapita lori la mchanga. Yeye alikwama. Nyama ilijaa nguzo hadi nguzo, ngozi imevutika inang'aa, macho hayaonekani. Na ile harufu!

"Braza, si umesema karibu?" akalalamika. "Mbona sipiti?"

"Rudi ulikotoka!"

"Mgeni anafukuzwa hivyo? Haya. Nitarudi nikipungua."

Nilifumba macho. Kufumbua, getini hakuna mtu. Harufu ikabaki. Nilimwaga dawa ya choo, nikachoma maganda ya machungwa, wapi! Bosi alipokuja alishika pua. "Umefukia nini hapa?" Ningemweleza nini? Akanifukuza palepale. Katekista naye anasema niliota. Niliota nimeshika mwiko?

Sasa nimepanga chumba Kiwalani, mlango wake mwembamba, mtu mnene anapita kiubavu. Nikipigiwa hodi sijibu. Majirani wananiita mchoyo, na mama mwenye nyumba ameshaanza kusema nitafute pengine. Juzi alibisha mtu mwembamba, ngozi inamning'inia kama shati la kuazima. Nilimwona dirishani, nikanyamaza. Akakaa kizingitini mpaka jioni, hana haraka.

Nyie mnaoitikia mkiwa jikoni, chungulieni kwanza. Mie karibu yangu nilishaitoa, na niliyempa bado hajaitumia.