Inzi Kwenye Macho ya Punda

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwetu Kumsenga nilipokuwa binti, mama alikuwa akichinja kuku mimi nakwenda kusimama barabarani mpaka manyoya yafagiliwe. Nilipoolewa Makere, wifi zangu waliligundua hilo ndani ya wiki moja wakalicheka mwaka mzima. Sufuria aliyolamba paka niliisugua kwa mchanga mara tatu, na bado siku hiyo sikuipikia.

Kwa hiyo mume wangu alipoleta punda nyumbani sikufurahi. Alimpata kwa watu wa upande wa Kahama waliopita na ng'ombe wao. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na punda, watu wakaja kumwangalia kama gari jipya. Mume wangu akamtengenezea tandiko la magunia, akamfundisha njia ya mtoni na ya sokoni, na ndani ya mwezi nikaacha kubeba ndoo kichwani. Hilo nililifurahia. Lakini kumgusa, hapana. Kumlisha, kumsugua, kufagia mavi yake kila asubuhi, zote hizo zilikuwa kazi za mume wangu, naye hakulalamika.

Mvua za kwanza zilipoanguka mwaka ule, mume wangu akashikwa na ngiri. Tukampeleka Kasulu, akapasuliwa, na daktari akasema abaki karibu na hospitali kwa muda, na hata akirudi asiinue kitu kizito. Akakaa kwa dada yake mjini. Nyumbani tukabaki mimi, mama mkwe, na punda.

Siku tatu za mwanzo nilimrushia majani kutoka mbali. Siku ya nne ilinibidi nimfunge tandiko, maji yalikuwa yamekwisha. Nikamsogelea. Niliona macho yake yamekuwa meusi pembeni, nikafikiri ni tope. Nilipoinua mkono, tope lile likaruka. Walikuwa inzi, wamejipanga kwenye kope zake kama watoto kwenye bakuli la uji, wanakunywa machozi. Chini ya macho manyoya yalikuwa yamelowa na kugandana, yananuka kama maziwa yaliyochacha. Mmoja akaja moja kwa moja mdomoni mwangu. Nikamhisi kwenye ulimi, na nilijua alikuwa ametoka kwenye nini. Nilitapika palepale, karibu na kwato za punda, na wale waliobaki wakashuka kwenye matapishi yangu.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. "Isazi hizo," alisema, akiwataja inzi kwa Kiha, maana Kiswahili alikitumia na wageni tu. Kisha akanihurumia, akaendelea kwa Kiswahili: "Mfukizie moshi, mwanangu. Mavi makavu ya ng'ombe na majani mabichi ya mkaratusi. Mbu na inzi wote watakimbia."

Nikafukiza. Jioni mbu walipungua kweli, lakini asubuhi inzi walirudi kana kwamba walikuwa wamejificha uvunguni, na mimi nguo zangu zote, hata kitenge cha kanisani, zikanuka mavi yaliyoungua. Nikatwanga majani ya mwarobaini, nikayaloweka, nikampaka kwa fagio la chelewa ili nisimguse. Punda akajitikisa, maji yale machungu yakanirukia machoni na mdomoni. Inzi wakaondoka kwa muda wa kupika chai.

Ndipo nikamsikiliza jirani yetu anayetengeneza pikipiki. Alisema, "Shemeji, mpake oili chafu. Kule kwa wenye ng'ombe ndiyo dawa yao." Akanipa kopo zima. Nikampaka mgongo mzima, shingo na miguu, kwa kitambaa nilichokifunga kwenye kijiti. Mchana nilipomwangalia, inzi hawakuwa wakiruka tena. Walikuwa wamenasa. Mgongo wa punda wetu ulikuwa umefunikwa na inzi waliokufa na waliokuwa wakifa, mabawa yanatetemeka ndani ya ule weusi, na wengine walio hai wanatembea juu ya wenzao. Baada ya siku mbili ngozi ikaanza kuchubuka, manyoya yakatoka vishungi vishungi.

Ikabidi nimuoshe. Nilipofika pale mgongoni, ambapo tandiko nililolifunga vibaya siku ile ya maji lilikuwa limemchuna bila mimi kujua, gamba la oili likabanduka na kipande cha ngozi. Harufu iliyotoka chini yake siwezi kuilinganisha na kitu. Ndani kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja, na kidonda kile kilikuwa kinachemka. Mabuu, weupe na wanono, wamesimama vichwa chini, mikia juu, wanapumua kwa pamoja.

Nilitupa sabuni nikakimbia. Siku ile sikula, wala kesho yake.

Nitakalosema sasa ni baya, lakini ndilo nililofanya. Asubuhi ya pili nilimfungua kamba, nikamwongoza kwa kijiti mpaka ng'ambo ya mto, kwenye vichaka ambako watu hawalimi, nikamwacha. Nilijua fisi wapo. Nilimwambia mama mkwe kwamba punda amekata kamba. Yeye akanitazama, akasema, "Kamba ile mpya?"

Saa nne hivi nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa mama mmoja Mkongomani, mkimbizi wa kambini Nyarugusu, ambaye siku za soko alikuwa akiuza dagaa na tumbaku meza ya pili kutoka kwangu. Amemshika punda sikio.

"Mama, punda yako hii," alisema. "Nilikutana naye kwa njia. Alikuwa anarudi yeye mwenyewe."

"Amekata kamba," nikasema.

Akatazama shingo ya punda isiyo na hata kipande cha kamba, akanitazama mimi. Akasema, "Eko anateseka sana. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kule milimani kwetu, hii kitu ninaijua. Tia maji kwa moto, na chumvi. Mingi."

Maji yalipokuwa yakichemka, akazunguka nyuma ya banda la punda. Nikamsikia akiguna. Aliporudi alikuwa amekunja uso. "Mavi haya, nani anafagiaga?"

"Mume wangu. Yuko Kasulu, mgonjwa."

"Tangu aende?"

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma, akafukua lundo kwa kijiti. Chini ya tabaka la juu, mbolea yote ilikuwa inatembea. Mabuu wengi kuliko nilivyokuwa nimeona kwenye kidonda. "Inzi zako zinazaliwa hapa," akasema. "Wewe unazifukuza kule mbele, huku nyuma unazilea."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Siku zote hizo nilipita upande wa pili wa nyumba nisione lile lundo, nikijihesabia kuwa mtu msafi.

Akaloweka tumbaku kwenye maji ya uvuguvugu, akayachuja, akamimina kidogo kidogo ndani ya kidonda. Mabuu wakaanza kupanda juu, wanajinyonganyonga. Nilidhani atawatoa yeye. Akanikabidhi kibano chake cha kutolea miiba.

"Mimi siwezi, mama. Nitatapika."

"Tapika," alisema. "Halafu utaendelea."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilitapika mara mbili, nikaendelea. Kila buu alikuwa ananata kidogo kabla ya kuachia, na ule mvuto mdogo wa kuachia ulinipanda kwenye mkono mpaka begani. Punda alisimama. Alitetemeka ngozi tu, na yule mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso akimsemesha lugha ya kwao. Nilikuwa nawadondosha kwenye kopo la majivu ya moto, lakini wengine walianguka chini, na kuku wa mama mkwe wakaja mbio wakigombania. Mama mkwe akafurahi, akasema sasa watataga vizuri. Tangu siku ile sijala yai lililotagwa nyumbani kwetu.

Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi. Pembezoni tukapaka mawese yaliyochemshwa na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa. Kisha akachana kitenge chake chakavu vipande vyembamba, akavishona kwenye mkanda wa katani, akamfunga punda kwenye paji. Vikaning'inia mbele ya macho kama pazia la mlangoni, na kila punda alipotikisa kichwa inzi waliruka. Rahisi kiasi hicho.

Nilimpa kapu la maharage, akachukua nusu. Jioni ile nilifunga kitambaa puani nikahamisha lundo lote kwa koleo mpaka shambani, nikalifukia. Kila asubuhi baada ya hapo nilifagia. Niliosha kidonda mara mbili kwa siku. Sikuzoea. Watu husema utazoea, mimi sikuzoea hata siku moja. Nilikuwa nabana pumzi, nafanya, nakwenda kunawa mpaka ngozi inauma.

Mume wangu aliporudi, kidonda kilikuwa kimefunga na manyoya meupe yameanza kuota mahali pake. Alimzunguka punda taratibu, mkono tumboni kwenye mshono wake, akacheka alipoona lile pazia la kitenge.

"Wewe ndiye uliyemuuguza?" akaniuliza. "Wewe?"

Mama mkwe alikuwa barazani. Nilimwangalia, naye akainamisha macho kwenye ungo.

"Tulisaidiana," nikasema, kisha nikaingia ndani kumwandalia maji ya kuoga.